Nilingoja Maji Yauzunguke Mlima

Mpendwa Mama Solange,

Naomba msaada wako, na nakuomba usiniweke kiporo mpaka mwezi ujao, kwa sababu jambo langu lina siku yake na siku hiyo inakuja mbio. Naisoma safu yako tangu watoto wangu wakiwa wadogo na najua ukishika kalamu humwonei mtu haya, basi nami usinionee. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane, Mkatoliki, nafundisha watoto katekisimu pale parokiani na siku za shule napika chakula cha wanafunzi, elimu sikuifikisha mbali kwa hiyo utanisamehe nikiandika kama ninavyosema. Majina ya watu nimeyabadilisha isipokuwa la mume wangu, yeye hana tena wa kumwonea aibu.

Naishi ukingoni mwa ghuba, upande wa malisho ya chumvi, na nikifungua dirisha la jikoni kitu cha kwanza ninachokiona ni Mlima wa Mtakatifu Mikaeli umekaa kule mbele na abasia yake, lile kanisa la watawa, kichwani, asubuhi umefunikwa ukungu, jioni umewashwa taa, na katika maisha yangu yote sijaupanda. Watu wanatoka Japani kuja kuupanda, wanashuka kwenye mabasi na miavuli yao, na mimi ninayeuona nikiosha vyombo sijui hata ngazi zake zinaanzia mkono gani. Siyo kwamba sikutaka. Nilitaka sana, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Mume wangu Fulbert, Mungu amrehemu, alikuwa mfugaji wa kondoo kama baba yake, na kondoo wa huku wanakula majani yanayokunywa maji ya bahari, kwa hiyo mchungaji anaishi kwa kufuata maji kujaa na kupwa kuliko anavyofuata saa ya ukutani. Wakati wa maji mafu bahari inakaa mbali huko, kondoo wanajilisha wenyewe na mwenye kondoo anaweza hata kujinyoosha mchana, lakini bamvua ikifika bahari inapanda mpaka kwenye majani yenyewe, na lazima mtu awepo na mbwa wake awatoe wote kabla vijito havijajaa nyuma yao wakazingirwa. Sasa na Mlima nao una tabia yake, siku za kawaida umekaa tu katikati ya mchanga na matope ya kijivu, unafika kwa daraja kama unakwenda dukani, ni siku za bamvua kubwa peke yake ndipo maji yanapouzunguka pande zote ukawa kisiwa kweli kama walivyouona wazee wa zamani waliokuja kuhiji kwa miguu. Umeona wapi pananibana, Mama Solange. Siku niliyoitaka mimi ndiyo siku ambayo mume wangu hakuweza kutoka.

Watoto walipokuwa bado wanasoma Fulbert alipasuliwa tumbo hospitalini, mambo yakaenda vibaya, akalala pale hajitambui na madaktari wakaanza kuzungumza nami kwa upole, na mtu wa hospitali akianza kukusemesha kwa upole unajua kinachofuata. Nikaenda kanisani kwetu, mbele ya sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli, hapakuwa na mtu, nikasema kwa sauti kabisa: ukimrudisha nyumbani mume wangu tutapanda kwako pamoja kushukuru, na mimi sitakanyaga huko juu bila yeye. Nikawasha mshumaa nikaenda zangu. Akapona, Mama Solange. Akarudi nyumbani amekonda kama fagio, lakini akarudi, na nilipomweleza nilichoahidi akacheka mpaka akashika mshono.

"Yaani umeniweka rehani kwa malaika bila hata kuniuliza?"

Alipopata nguvu, siku moja ya likizo ya Novemba, akaja jikoni amenyoa ndevu, amevaa viatu vyake vya Misa.

"Haya bibie, vaa koti twende."

"Twende wapi?"

"Kwa mdai wako. Kondoo wanakula, bahari imelala, na Misa ya mchana kule abasia tunaiwahi bila kukimbia."

Nikachungulia dirishani. Yalikuwa maji mafu, Mlima umekaa kwenye matope na mbingu imeshuka, kila kitu rangi ya sufuria kuukuu. Nikamwambia, "Leo? Fulbert, mtu haendi kumshukuru malaika kwa kupitia matopeni kama anakwenda kubadilisha matairi ya gari. Tungoje bamvua, tuwe juu kule maji yakiingia, tuyaone yanavyouzunguka."

"Bamvua nina kondoo."

"Mtafute mtu wa kuwaangalia."

"Na wewe mtafute mume wa kwenye kalenda," akasema, kwa mzaha lakini, akavua viatu akatoka kwenda kumpiga mbwa brashi.

Mara moja tu tulijaribu siku ya bamvua, ilikuwa Machi, akamwachia binamu yake kondoo, tukafika mpaka pale magari yanapoachwa, nimeshafunga kilemba na nimebeba mkate na jibini, simu ikalia. Binamu kachelewa kuwatoa, kundi zima la majike wenye mimba limebaki kwenye kipande cha majani na maji yako pande zote. Tulirudi mbio. Aliingia majini na mbwa mpaka kiunoni, wengi akawatoa, wengine nikawaona kwa macho yangu wakichukuliwa. Tangu siku ile hakumwachia mtu kondoo wake siku ya bamvua, na mimi sikumlaumu, lakini wala sikulegeza langu. Ikawa ndio utani wetu wa nyumbani. Yeye anapita mlangoni anasema, "Kesho maji mafu, bibie," mimi nageuka na mwiko mkononi, "Bamvua!" naye anaondoka anacheka. Miaka ikapita hivyo, tunacheka. Februari ya mwaka juzi alianguka zizini, moyo, na mpaka mimi nafika amekwisha kwenda.

Sasa sikia la sasa. Padre wetu, nimwite Padre Anselme, amenipa kazi ya kupanga safari ya parokia kwenda abasia, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na mimi mwenyewe ndiye niliyechagua siku, bamvua ya mwisho wa Septemba, jirani na Sikukuu ya Malaika Wakuu, kwa sababu nilisema angalau wenzangu wakayaone hayo maji. Na nimepanga vizuri, si kujisifu. Basi la kukodi linatuchukua mapema ili wawe ndani ya kuta za Mlima muda mrefu kabla maji hayajafika, vikongwe wakae mbele, kila mtu na koti la upepo, mikate ya nyama nimeshamwagiza mwokaji, nimekwisha kuzungumza na watawa kuhusu Misa, hata wapi pa kujisaidia nimeuliza. Nimepanga kila mtu, mimi sijajipanga. Kwenye kikao jirani yangu mmoja, nimwite Huguette, ambaye mdomo wake haupumziki, akaniuliza mbele za watu:

"Na wewe mwenzetu unakaa kiti gani?"

"Mimi nabaki. Nitawapikia supu, mkirudi mmepigwa na upepo mkute kitu cha moto."

"Supu! Jamani. Huyu Mlimani atapandishwa na wabeba jeneza."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Padre hakucheka.

Hayo ningeyameza. Lakini nyumbani nakaa na mama mkwe wangu, nimwite Mama Célestine, ana miaka themanini na sita, na baada ya Sikukuu ya Watakatifu Wote anahamia kwa binti yake kule Grenoble, milimani, mbali na bahari, kwa sababu magoti yake yamekataa ngazi za nyumba yetu, na wote tunajua ingawa hakuna anayelisema kwamba akishaondoka harudi tena huku. Juzi tulikuwa tunamenya matufaha mezani, akasema bila kuinua macho:

"Nasikia safari umeipanga wewe."

"Ndiyo, mama."

"Basi na mimi nimo. Nitafika mpaka kwenye lile kanisa dogo la pale mtaani, chini ya abasia, magoti yangu mwisho wake ni hapo. Huko juu utapanda wewe na mshumaa wa mwanangu. Nataka uwake kwa Malaika kabla sijapelekwa kwa watu wa theluji."

Nikasema haraka, "Mama, Huguette ataupandisha. Ana miguu mizuri."

"Huguette alikuwa mke wa mwanangu?"

"Ni kwamba siku hiyo nina supu, mama."

Akaweka kisu mezani. "Supu. Miaka thelathini nimekuachia mtoto wangu, leo nakuomba mchana mmoja, unaniambia supu."

Nilinyamaza. Nilitaka kumweleza habari ya nadhiri, lakini nitaanzia wapi, nimwambie mama wa marehemu kwamba mwanawe alipewa uhai kwa ahadi na ahadi yenyewe hatukuitimiza kwa sababu mimi nilikuwa nachagua maji? Akasukuma kando maganda ya matufaha.

"Kama umeshamsahau sema tu. Wako wajane wanaosahau, si dhambi. Lakini usijifiche nyuma ya sufuria."

Akainuka akaenda chumbani kwake. Tangu siku hiyo tunakula meza moja, ananishukuru kwa chakula, lakini haniiti tena mwanangu. Ananiita madamu. Ananiambia, "Asante, madamu," kama vile mimi ni mtu wa posta.

Mwanangu Corentin, ambaye ndiye mwenye kondoo sasa, ameona kuna kitu akaniuliza, nikamwambia bibi yake amechoka. Nilipomgusia safari aliinua mabega tu, "Siku ya bamvua, mama? Unanijua," akarudi kwa kondoo wake, na kwa nyuma alivyotembea nilidhani ni baba yake.

Sasa Mama Solange nina maswali na nakuomba unijibu kama unavyomjibu dada yako. Nikipanda bila Fulbert navunja neno nililompa Malaika Mkuu kwa kinywa changu. Nisipopanda, mama yake ataondoka kwangu akiamini kwamba nilimtupa mwanawe, na hilo atakufa nalo rohoni huko milimani. Na kuna swali lingine ambalo sijamwambia hata Padre. Je, Malaika alichoka kutungoja? Nauliza kwa sababu tulipewa mtu kwa ahadi, tukakaa na yule mtu tukacheka jikoni, na ahadi hatukuilipa, halafu yule mtu akachukuliwa ghafla, na mimi nikifunga macho jibu ninaloliona silipendi.

Na la mwisho nitalisema haraka kisha nifunge barua. Wakati mwingine najiuliza kama kweli naishika nadhiri, au naogopa tu kufika juu nikaona palikuwa karibu. Kwamba ni mwendo wa mchana mmoja na ngazi, basi. Kwamba tungeweza kwenda siku yoyote ile ya matope, mimi na yeye, tukarudi tukala supu.

Nifanyeje?

Mjane wa Malisho ya Chumvi

*

Mpendwa Mjane,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikalia, nikaisoma mara ya pili nikakasirika, na nakujibu kabla hasira haijanitoka maana huruma peke yake haitakufikisha popote.

Tuanze na hilo unaloliona ukifunga macho. Wewe ni katekista. Mtoto wa darasa lako angekuja akakwambia, "Baba yangu amekufa kwa sababu mama hakutimiza ahadi," ungemjibu nini? Ungemwambia, ndiyo mwanangu, Mungu wetu ni mtu wa kuja mlangoni na madalali? Ungemkumbatia ukamwambia hapana. Basi jikumbatie. Malaika hapokei malipo kwa kusimamisha mioyo ya wafugaji. Fulbert alitoka hospitalini hai, ukakaa naye miaka, mkalea, mkataniana mlangoni na mwiko mkononi. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yako ikijibiwa, siku baada ya siku, na wewe unaisoma leo kama hati ya deni. Mtu anayepewa mkate akaula akashiba hajamkosea aliyempa. Sitaki kulisikia tena hilo swali, na ukiliona linarudi, nenda kwenye kitubio ukaliseme kwa Padre, siyo kwa dari ya chumba.

Kuhusu nadhiri. Hukuandika popote kwamba umemuuliza Padre Anselme. Mwanamke mwenye kupanga basi, mikate, makoti na vyoo vya watu wazima, halafu jambo linalomla roho hajapiga hodi kwa mtu mwenye mamlaka nalo! Nadhiri ya mtu binafsi si kufuli lililotupwa baharini. Padre wa parokia anaweza kukufungua nayo kukiwa na sababu ya haki, au kuibadilisha iwe tendo jingine jema, na mkwe wako mwenye miaka themanini na sita anayeomba mshumaa mmoja ni sababu ya haki kuliko nyingi nilizowahi kuzisikia. Nenda kwake wiki hii. Usimkamate mlangoni baada ya Misa watu wakipita, omba saa yake, ukae, umweleze yote. Hatashangaa. Unadhani kwa nini siku ile kikaoni wote walicheka yeye hakucheka?

Sasa Mama Célestine. Hapo nimesimama upande wake, na nakwambia waziwazi. Unasema ulinyamaza ili usimuumize, lakini ulimuumiza vizuri zaidi kwa supu. Mama huyu hakukuomba umbebee mshumaa tu. Mishumaa inabebwa na yeyote, Huguette angeibeba kwa mdomo. Alikuwa anakuuliza kama bado yupo mtu chini ya paa lile anayemlilia mwanawe pamoja naye, maana anakwenda kuishi mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyemwona Fulbert akiingia majini na mbwa wake. Wewe ukamjibu habari za jiko. Mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni. Mwambie ahadi ya pale mbele ya sanamu, mwambie viatu vya Misa, mwambie namna ulivyokuwa unamjibu "Bamvua!" na yeye anaondoka anacheka. Usimpunguzie hata kidogo. Huenda atakufokea. Mwache akufokee, ana haki hiyo. Anayefokewa na mama mkwe hajafukuzwa bado, ila anayeitwa madamu yuko kizingitini.

Hapa sasa ndipo ninapokukaripia kweli, kaa vizuri.

Umechagua tena bamvua. Baada ya yote uliyoniandikia, ukapewa kalenda nzima ya mwaka uchague siku ya kwenda kwenye abasia, na kidole chako kikaenda pale pale. Kwa parokia ni siku nzuri, sikatai, waende wakapige makelele kutani maji yakiingia. Kwa mama mkwe wako ni siku mbaya kuliko zote. Umati wa watu kutoka kila pembe, upepo wa kung'oa kofia, watu wanasukumana kwenye mtaa mwembamba, na Padre anahesabu vichwa ili basi lisiache mtu. Kikongwe mwenye magoti mabovu utamweka wapi? Na kuna mtu wa pili uliyemwandika kwa mistari miwili ukampita. Corentin siku hiyo atakuwa wapi? Atakuwa pale alipokuwa baba yake, kwa nyuma amefanana naye, anawatoa kondoo majini, wakati mama yake na bibi yake wamekwenda kumwombea baba yake bila yeye. Kijana huyo aliinua mabega. Wewe ukaona mabega, mimi niliona mtoto aliyefiwa ambaye hajaulizwa.

Kwa hiyo sikiliza. Safari ya parokia iache ilivyo, usiivuruge, umeipanga vizuri. Mkabidhi Huguette basi. Mwenye mdomo kama ule hapotezi mtu kwenye umati. Wewe siku hiyo baki, na ukitaka uwapikie hiyo supu, wapikie kwa amani maana haitakuwa tena ya kujificha.

Kisha ngoja wiki moja. Wewe ni mtu wa ghuba, huna haja nikufundishe kinachokuja wiki moja baada ya bamvua. Bahari italala, majani yatakuwa makavu, kondoo watajilisha wenyewe, na Corentin atakuwa na mchana mtupu mikononi. Siku hiyo shule haitakufa ukikosekana mara moja, omba ruhusa. Mwambie mwanao awapeleke wewe na bibi yake. Msiende mapema mno wala msikimbizane na kitu. Wageni watakuwa wachache, daraja litakuwa tupu, na pembeni yake matope ya kijivu kama ulivyoyaona kwenye dirisha la jikoni ile siku ya Novemba. Najua utakapoyaona moyo utakwambia rudi, hii si siku yake. Ndiyo siku yake. Ndiyo siku pekee ambayo mumeo aliwahi kukuomba, na alikuomba mara nyingi.

Mama Célestine mtamfikisha kwenye lile kanisa dogo la mtaani, polepole, mmeshikana mikono pande zote mbili, na Corentin akae naye kwenye benchi, wana mengi ya kusemezana hao wawili kabla ya Grenoble na wakibaki peke yao watayasema. Mshumaa uchukue wewe. Ngazi ni nyingi, utapumzika, hakuna anayekufukuza. Utakuwa umefunguliwa na Padre wako, kwa hiyo usitembee kama mwizi.

Na kuhusu hofu yako ya mwisho, ile uliyoisema haraka, sitakudanganya. Utafika juu na utaona kwamba palikuwa karibu. Palikuwa karibu, mpendwa. Mngeweza kwenda. Hakuna padre wa kukufungua na hilo, wala mimi sina dawa yake, na yeyote atakayekwambia kwamba litaisha anataka tu uache kulia mbele yake. Utalibeba. Lakini kuna tofauti kati ya kulibeba ukiwa umejifungia jikoni na kulibeba ukiwa umekwisha kupanda, na nataka ulibebe kwa namna hiyo ya pili.

Washa mshumaa, mshukuru Malaika kwa ile miaka, mtajie jina la Fulbert. Halafu usikae sana huko juu. Benchi za kanisa ni ngumu na mama wa watu ana miaka themanini na sita. Shuka ukamweleze ulichokiona, chote, hata matope.

Mama Solange